Utepe wa rangi tatu na fomula yenye IF tisa

Wasomaji wangu, samahanini. Ni mwezi mzima sijaandika kitu hapa. Nilikuwa Turkana, kwanza Lodwar kisha Kakuma, na joto la kule halikupi hamu ya kukaa usiku mbele ya kompyuta ukitunga makala. Nimerudi na hadithi moja. Inahusu fomula ya Excel, lakini tafadhali usiondoke bado. Inahusu pia mikono ya watoto, na utepe mmoja wa plastiki ambao kwa maoni yangu umeandikwa vizuri kuliko programu nyingi nilizoandika mimi mwenyewe.

Kazi ilikuwa hivi. Shirika moja dogo, ambalo jina lake nitaliacha, lina faili ya Excel ya watoto waliopimwa lishe katika vijiji vya karibu na Lodwar na kule Kakuma, kama kilomita 120 kwa barabara inayokwenda Lokichoggio. Waliniita kwa sababu moja tu: faili imekuwa nzito, ukiifungua unaweza kwenda kunywa chai na kurudi. Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta na kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nilijiambia hii ni kazi ya nusu siku.

Nikaifungua. Safu ya mwisho iliitwa "Rangi", na ndani yake kulikuwa na fomula yenye IF tisa, moja ndani ya nyingine kama sufuria zinazopangwa sokoni. Mwishoni mabano tisa ya kufungia. Aliyeiandika aliondoka zamani, na waliobaki walikuwa wakiiburuta tu kwenda chini kila mwezi bila kuigusa. Nadhani wengi wenu mnaijua fomula ya namna hiyo. Kila ofisi ina yake.

Kwa wasiojua mambo ya lishe, nieleze kidogo. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mzingo wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko. Wahudumu wa afya wanakiita kipimo hicho MUAC. Kikiwa chini ya milimita 115, mtoto ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu haraka. Hiyo ni nyekundu. Kuanzia 115 mpaka kabla ya 125 ni utapiamlo wa kadiri, yaani njano. Kuanzia 125 kwenda juu ni kijani. Tena, mtoto akiwa na uvimbe wa maji katika miguu yote miwili anahesabiwa kuwa na utapiamlo mkali hata kama mkono wake umesoma kijani.

Basi, nikiondoa mapambo yote ya fomula ile, kiini chake kilikuwa hiki:

=IF(D2<125,"Njano",IF(D2<115,"Nyekundu","Kijani"))

Isome polepole jinsi kompyuta inavyoisoma, kutoka kushoto. Chukua mtoto mwenye milimita 112. Je, 112 ni chini ya 125? Ndiyo. Andika "Njano". Kwisha. Swali la pili halifikiwi kamwe, kwa sababu kila namba iliyo chini ya 115 iko pia chini ya 125, na mlango wa kwanza umeshaimeza. Katika faili ile hakuna mtoto ambaye angeweza kuwa mwekundu kwa kipimo cha mkono. Neno "Nyekundu" lilikuwemo ndani ya fomula, na kila aliyechungulia aliliona akaridhika.

Nikapanga orodha kwa kipimo, mdogo kwanza. Watoto 3 walikuwa chini ya 115 na wote wameandikwa Njano. Habari ya faili nzito niliisahau papo hapo.

Yaliyowapata watoto hao nitayaeleza mwishoni. Kwanza nataka tujue tulifikaje hapa, maana kosa hili halikuanzia Lodwar wala Kakuma. Lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo ndipo dawa yake ilipo.

Tuanze na IF yenyewe. IF ya Excel inapokea vitu vitatu: sharti, jibu sharti likiwa kweli, na jibu lisipokuwa kweli. Umbo hilo la vitu vitatu tunaweza kumdai John McCarthy, Mmarekani aliyeanzisha lugha ya LISP. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alilifikia mwaka 1957 na 1958, alipokuwa akiandika programu ya kucheza sataranji kwa FORTRAN. FORTRAN ya wakati huo ilikuwa na IF, lakini ilikuwa ya kuruka: hesabu ikitoa namba hasi nenda mstari huu, ikitoa sifuri nenda ule, ikitoa chanya nenda mwingine. McCarthy aliona ni usumbufu mtupu. Akatunga yake, akaiita XIF: unaipa sharti na majibu mawili, inakurudishia moja. Baadaye akaona afadhali kompyuta ihesabu jibu linalohitajika peke yake, isihangaike na lile lingine. Wazo likaingia LISP, na likaingia pia ALGOL 60, na kutoka hapo likasambaa kila mahali.

Uzuri wa wazo hili ni kwamba IF inatoa thamani. Na kwa kuwa ni thamani, unaweza kuiweka popote penye nafasi ya thamani, hata ndani ya IF nyingine. Ubaya wake ndio huohuo. Hakuna kitu kinachokuzuia kuendelea kuingia ndani.

Sasa tuje kwenye lahajedwali. Mwaka 1979 Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa VisiCalc kwa kompyuta ya Apple II, nayo ndiyo iliyowafanya wahasibu wengi wakubali kununua kompyuta ndogo. Hapa kuna jambo lililonishangaza. VisiCalc ya kwanza haikuwa na IF! Ilikuwa na @SUM, @MIN, @MAX, @AVERAGE na nyingine kadhaa, na miongoni mwao ilikuwemo @LOOKUP: unaipa namba na jedwali, inatafuta namba yako inaangukia wapi katika jedwali, inakuletea jibu la mahali hapo. @IF iliongezwa katika matoleo ya baadaye. Kwa hiyo katika lahajedwali hii maarufu jedwali ndilo lililotangulia, na mnyororo wa masharti ulikuja nyuma yake. Sisi tulijifunza kwa mpangilio wa kinyume. Chuoni nilifundishwa IF siku ya kwanza, na VLOOKUP niliijua kazini, kwa aibu.

Excel ilitoka mwaka 1985 kwa Macintosh, kisha 1987 kwa Windows. Kwa miaka mingi, hadi toleo la 2003, ilikukataza kupita ngazi 7 za IF ndani ya IF. Watu walilalamika sana. Excel 2007 ikaongeza kikomo hadi 64. Nafikiri lalamiko lile lilijibiwa vibaya. Kikomo cha 7 kilikuwa kama ukuta unaokuambia, rafiki yangu, njia hii siyo, zunguka. Ukuta ulipoondolewa tukaendelea mbele moja kwa moja.

Mfano wa hapa kwetu Kenya, ambao kila aliyewahi kuandaa mishahara anaujua. Kuanzia mwaka 2015 michango ya NHIF ilikuwa na ngazi 17, kutoka shilingi 150 kwa mwenye mshahara mdogo kabisa hadi shilingi 1,700 kwa anayepata laki moja na zaidi. Ngazi 17 kwa mnyororo zinataka IF 16. Excel 2003 isingekubali, lakini ya 2007 ilikubali bila kunung'unika, na nimeziona fomula hizo kwa macho yangu. Halafu Oktoba 2024 ikaja SHIF na asilimia 2.75 ya mshahara, ngazi zote zikafa siku moja. Aliyekuwa na jedwali pembeni alilifuta, akabadili fomula fupi moja. Aliyekuwa na mnyororo alilazimika kuusoma wote upya ili ajue wapi NHIF inaishia na wapi mambo mengine yanaanzia.

Microsoft wenyewe katika maelezo yao wanaonya kwamba IF nyingi zilizofungana ni ngumu kuzitunza. Mwaka 2016 waliwapa wateja wa Office 365 fanksheni inayoitwa IFS, baadaye ikaingia Excel 2019. Yenyewe inaondoa msitu wa mabano: unaandika sharti, jibu, sharti, jibu, hadi mwisho. Ni nafuu, sikatai. Lakini ukiandika =IFS(D2<125,"Njano",D2<115,"Nyekundu",…) kosa ni lilelile. IFS nayo inasimama kwenye sharti la kwanza lililo kweli. Umefyeka mabano, lakini nyoka bado yumo nyasini.

Hapo tuiache kompyuta kidogo, tuutazame utepe. Nilipokuwa Kakuma nilikaa kwenye benchi chini ya kivuli nikimtazama mama mmoja, mhudumu wa afya wa jamii, akipima watoto. Anazungusha utepe mkononi mwa mtoto, anapitisha ncha kwenye tundu, anavuta bila kubana, anasoma kwenye dirisha dogo. Sekunde chache. Hakuna "kama". Utepe umechorwa nyekundu, kisha njano, kisha kijani, kwa mpangilio wa namba, na mkono wa mtoto wenyewe ndio unaoonyesha mahali. Nikajiambia, kijana, hii ni @LOOKUP.

Na utepe una historia yake, tena sehemu yake moja ni ya hapa Afrika Mashariki. Derrick Jelliffe, daktari Mwingereza, alikuwa profesa wa afya ya watoto katika Chuo cha Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1966 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake cha kupima hali ya lishe katika jamii, na mzingo wa mkono ni mojawapo ya vipimo alivyovipigia debe. Sababu ni ya kimahesabu, na mtu yeyote wa programu ataipenda. Uzito peke yake haukuambii kitu mpaka ujue umri. Uzito kwa urefu unataka mizani, ubao wa kupimia na jedwali refu la namba. Lakini mkono wa mtoto mwenye afya, tangu mwaka 1 hadi miaka 5, hubadilika kidogo tu. Kwa hiyo namba moja inaweza kuwatosha watoto wa umri tofauti, hata pale ambapo hakuna aliyeandika tarehe ya kuzaliwa. Waliupunguza mti wa maswali kwa kuchagua swali bora zaidi, kabla ya kufikiria kuuandika vizuri.

Kisha ikaja vita ya Biafra kule Nigeria, 1967 hadi 1970. Waquaker waliokuwa wakitoa msaada huko walitumia fimbo. Ndiyo, fimbo. Ilichorwa alama za mizingo ya mkono kwenye urefu mbalimbali. Unampima mtoto mkono, unamsimamisha kando ya fimbo, unatazama kichwa chake kimefika alama gani. Akiwa mrefu kuliko alama ya mkono wake, basi mkono ni mwembamba mno kwa urefu ule. Jedwali zima la safu mbili lilichongwa kwenye mti mmoja, miaka kama kumi kabla ya VisiCalc. Wakaiita fimbo ya QUAC.

Mwaka 1974 Adnan Shakir na David Morley walielezea utepe wa rangi tatu katika jarida la Lancet. Chini ya sentimita 12.5 nyekundu, kutoka 12.5 hadi 13.5 njano, kupita hapo kijani. Sehemu nyingi watu walijitengenezea wenyewe kwa vipande vya filamu kuukuu za eksirei. Tafadhali linganisha namba hizo na za leo. Mwaka 1974 nyekundu iliishia 12.5. Leo 12.5 ndipo kijani kinapoanzia. Baadaye kiwango cha utapiamlo mkali kilikuwa sentimita 11.0, na mwaka 2009 WHO na UNICEF kwa pamoja wakakipandisha hadi 11.5, ili kiendane na viwango vipya vya ukuaji wa watoto vilivyotoka 2006. Milimita 5 tu. Lakini ndani ya milimita hizo 5 kuna watoto wengi ambao jana walikuwa njano na leo ni nyekundu, wana haki ya matibabu.

Utepe ulibadilishwaje? Ulichapishwa mwingine, mstari umesogezwa. Mama anayepima hakuhitaji kujifunza kitu kipya, anavuta na kusoma kama kawaida. Na fomula zilibadilishwaje? Hilo ndilo swali. Katika faili ile niliyopewa kulikuwa na karatasi ya pili, ya zamani, ambayo bado ilikuwa ikiulizwa jumla za mwaka. Nikachungulia fomula yake. Ndani, katikati ya mabano, kulikuwa na namba 110.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia. Tatizo la fomula ndefu si urefu wala sura mbaya. Tatizo ni kwamba namba zinazoamua mambo ya watu zimefichwa mahali ambapo watu hao, na hata wanaofanya kazi nao, hawawezi kuziona. Kurahisisha IF zilizofungana ni kuzitoa namba ndani ya fomula na kuziweka mezani, zikiwa zimepangwa kama zilivyopangwa kwenye utepe.

Basi, hivi ndivyo tulivyofanya. Tulifungua karatasi mpya tukaiita Utepe. Safu mbili, mistari mitano:

0 — Pima tena
60 — Nyekundu
115 — Njano
125 — Kijani
250 — Pima tena

Safu ya kwanza ni "kuanzia namba hii". Kisha fomula ikawa hii:

=IF(E2="Ndiyo","Nyekundu",VLOOKUP(D2,Utepe!$A$2:$B$6,2,TRUE))

E2 ni uvimbe wa miguu. Ule ni uamuzi wa ndiyo au hapana, unaotangulia kipimo, kwa hiyo IF moja imebaki, na inastahili kubaki. Sikuja kuipiga vita IF. Alama za dola zinazuia jedwali lisihame unapoburuta fomula. TRUE ya mwisho inamaanisha "tafuta mstari wa karibu usiozidi kipimo hiki", na inadai jedwali lipangwe kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Mtu akilivuruga, majibu yatavurugika pia. Lakini jedwali la mistari mitano lililovurugika unaliona kwa jicho. IF tisa zilizovurugika hukuziona, na mimi pia niliziona kwa bahati.

Mistari ya "Pima tena" ilitokana na muuguzi wa shirika, siyo mimi. 60 na 250 si namba za WHO, ni uzio wa kuzuia makosa tu. Nilimwonyesha makosa matatu niliyoyapata humo. La kwanza, mtoto ambaye hajapimwa, seli yake ikiwa tupu, fomula ya zamani iliichukua kama sifuri, sifuri iko chini ya 125, basi "Njano". La pili, mtu akiandika 12.8 kwa sentimita badala ya 128 kwa milimita, napo "Njano". La tatu ndilo baya zaidi. Namba ikiwa imeingia kama maandishi, mfano imenakiliwa kutoka ujumbe wa simu, Excel huhesabu maandishi yote kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Kwa hiyo "108" ya maandishi haiko chini ya 125, haiko chini ya 115, basi "Kijani"! Mtoto wa kulazwa anaambiwa yuko salama. Kwa jedwali, mbili za kwanza zinaangukia "Pima tena", na ya tatu inatoa #N/A, kosa linalopiga kelele. Afadhali kosa la kelele kuliko jibu la uongo la kimya.

Muuguzi alitazama karatasi ya Utepe akacheka. Akasema, "Hii hata mimi naweza kuibadilisha." Akauliza kama tunaweza kuongeza mstari wa 135, kwa sababu taarifa za kila mwezi za NDMA, mamlaka ya taifa ya kudhibiti ukame, kwa miaka mingi zilihesabu watoto walio chini ya 135 kuwa hatarini. Nikamwambia ongeza. Akaongeza mwenyewe, nikarefusha eneo la jedwali katika fomula kwa mstari mmoja. Jaribu kufanya hivyo ndani ya IF tisa.

NDMA nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu Lodwar ina historia ya masharti yaliyowekwa wazi. Turkana ilipigwa na njaa kubwa mwaka 1980 na 1981. Katika miaka iliyofuata wilaya ikawa miongoni mwa za kwanza Kenya kuwa na mfumo wa tahadhari ya ukame. Mfumo huo uligawa hali katika ngazi: kawaida, tahadhari, hatari, dharura. Kila ngazi ilikuwa na mambo yaliyopangwa mapema, kama kununua mifugo kabla haijafa. Mpango huo ukaenea wilaya nyingine kavu, ukapitia mradi mkubwa wa maeneo kame ulioanza 1996, na mwaka 2011 ikaundwa NDMA.

Baadaye zikaja namba za setilaiti. Kuna kipimo cha hali ya majani kinachoitwa VCI. Kikishuka chini ya 20 ni ukame mkali, chini ya 10 ni ukame uliokithiri. Kuanzia 2015 mpango wa fedha wa HSNP, ambao wakati huo ulihudumia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, umetumia ngazi hizo kuamua ni lini kaya za ziada zipate pesa za dharura. Unaweza kubishana na namba hizo. Mfugaji anaweza kusema setilaiti imeona kijani cha mathenge, mmea ambao mbuzi wangu hanufaiki nao sana. Lakini anaweza kubishana kwa sababu ngazi zinajulikana. Huwezi kubishana na mabano.

Kakuma nayo si mahali pa kuchezea namba. Kambi ilianza mwaka 1992, vijana waliotembea kutoka Sudan walipofika, na pamoja na makazi ya Kalobeyei sasa ina watu wanaozidi 250,000 kutoka nchi nyingi. Ukikaa pale siku chache unagundua kuwa maisha yamejaa orodha na ngazi. Nani anapata nini, kiasi gani, kwa sababu gani. Nyuma ya nyingi za ngazi hizo kuna mtu kama mimi, mbele ya kompyuta, anayeandika "kama hivi, basi hivi" na kwenda nyumbani.

Haya, nilikuahidi habari ya watoto 3. Wawili walikuwa wamepelekwa kutibiwa siku ileile ya kupimwa. Yule mama wa kwenye benchi ndiye aliyewapima. Nilipomweleza, kwa woga kidogo, kwamba faili iliwaandika njano, alinitazama akasema, "Kijana wangu, mimi sikusoma rangi kwenye mashine yenu. Nilisoma mkononi." Alikuwa na haki.

Wa tatu alipimwa kijijini, upande wa Lodwar. Kipimo kiliandikwa kwenye daftari kwa namba tu, karani akakiingiza kwenye faili, na orodha ya kutembelewa ikachapishwa kutoka kwenye faili. Njano walipangiwa kutembelewa baada ya wiki mbili. Tulikwenda kesho yake kwa bodaboda, tukakuta familia imehama na mbuzi. Siku ya nne ndipo walipopatikana. Mkono ulisoma 109. Nilipoondoka alikuwa amelazwa, bado mwekundu, lakini anakula.

Sitaki kusema fomula ingemuua. Sijui, na si vizuri kujipa ukubwa. Nasema tu kwamba kulikuwa na mahali pawili pa kusoma rangi, utepe na faili, na mtoto huyo aliangukia penye mabano.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalala leo fungua ile faili yako unayoiogopa. Iwe ya mishahara, ya ada za shule au ya madaraja ya mitihani. Tafuta mipaka yote na uijaribu mmoja mmoja: kwa faili hii ilikuwa 114, 115, 124, 125, seli tupu, na namba iliyoandikwa kama maandishi. Kama jibu moja litakushangaza, usiongeze IF ya kumi. Toa namba nje, zipange kwenye mistari, mwite mtu anayezijua kazi zake azisome. Akikuambia "hata mimi naweza kuibadilisha", umemaliza.

Na uzito wa faili? Mtu alikuwa ameiburuta fomula hadi mstari wa 65,536, mwisho wa karatasi za Excel za zamani. Niliifuta mistari mitupu, ikafunguka mara moja. Hiyo ndiyo kazi waliyonilipa.